Usipoziba ufa: Siku tatu Kilwa na klarineti ya baba mkwe

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka juzi, siku ya kuzaliwa ya mume wangu, nilimnunulia klarineti ya plastiki. Nyeusi, inang'aa, imelala ndani ya kasha lake zuri. Niliagiza nje, nikasubiri wiki kadhaa, nikaifunga kwa karatasi ya zawadi na utepe mwekundu. Jamaa akafungua, akatabasamu nusu, akasema "asante mke wangu", kisha akaisukuma chini ya kitanda. Ikakaa huko miezi saba.

Nilinuna, msomaji wangu. Nilinuna vibaya sana.

Kama hujawahi kuiona klarineti kwa karibu, ni ile filimbi ndefu nyeusi yenye vibonyezo vya rangi ya fedha, unayoiona kwenye bendi za jeshi na polisi wakati wa gwaride. Baba mkwe alipiga hiyo maisha yake yote ya kazi. Alipofariki, mume wangu alirithi klarineti yake, ya mti halisi wa mpingo. Tulipokwenda Njombe kwenye kumbukumbu ya mzee, mwezi wa Julai, mume wangu akaamka alfajiri na kwenda kupiga makaburini. Julai ya Njombe unaijua? Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Akapiga kama dakika 10, mara tukasikia "ta!", kama kijiti kikavu kimevunjika. Kipande cha juu cha klarineti kilikuwa kimepata ufa, mwembamba kama unywele na mrefu kama kidole changu cha kati.

Tuliporudi Dar, fundi mmoja akaigeuza geuza na kusema, "Bosi, hii imekufa. Tafuta ya plastiki." Mimi nikaona suluhisho. Mwenzangu akasikia baba yake amekufa mara ya pili. Tangu hapo nyumba ikawa kimya, yaani kimya cha upande mmoja, maana mimi nilizidi kuongea. Kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyojaza nafasi.

Ndipo mfanyakazi mwenzangu mmoja, mtu wa kusini, akaniambia: "Mti wa klarineti ya mumeo unaota kwetu, Kilwa. Mpeleke akauone." Tukaomba likizo ya siku tatu, tukaingia barabarani. Klarineti yenye ufa nikaificha kwenye begi langu, katikati ya kanga.

Somo la kwanza, juu ya Rufiji

Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni safari ya kilometa zaidi ya 300. Unapita Mbagala na foleni zake, Mkuranga na mikorosho yake, Kibiti, halafu Ikwiriri, ambapo Mto Rufiji unakungoja. Zamani watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikizidi unaweza kulala ng'ambo. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa 1, lilifunguliwa mwaka 2003.

Tulipokuwa juu ya daraja nikamuuliza kwa mara ya mia: "Lakini kwa nini huongei?"

Akajibu bila kunitazama: "Kwa sababu wewe unaongea kama zumari."

Mimi nimekulia Unguja, zumari naijua. Harusi ya mtaani kwetu ikiwa na ngoma, mpiga zumari akianza hanyamazi mpaka wachezaji wachoke wao. Nikasema, kumbe ananisifu! Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, kisha akanieleza. Na maelezo yale ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Zumari ina ulimi mara mbili, vipande vya jani la mnazi au mti wa jamii yake vilivyofungwa pamoja. Mpigaji anauingiza wote mdomoni, midomo ikabana kwenye kisahani kilichowekwa kwa kazi hiyo. Maana yake midomo haigusi ulimi. Mashavu yanavimba, yanakuwa ghala la hewa; huku shavu linasukuma, huku pua inavuta pumzi mpya. Ndiyo maana sauti haikatiki. Lakini kila faida ina bei yake. Midomo isipougusa ulimi, huwezi kuipunguza sauti polepole mpaka iwe mnong'ono. Zumari iko wazi au imefungwa. Kwa hiyo mpigaji mzuri anaonyesha ustadi wake kwenye vidole, anazipamba noti, anazizungusha, anazirudia. Wimbo wake hauna nukta, una mkunjo juu ya mkunjo. Na kwa ngoma ya kucheza usiku kucha, ndicho hasa kinachotakiwa.

Klarineti ina ulimi mmoja tu, kipande chembamba cha tete kilichofungwa kwenye kipulizio. Mdomo wa chini unaulalia, kwa hiyo unaamrisha. Ulimi wako mwenyewe unaweza kugusa ile tete na kuikata sauti wakati wowote. Klarineti inaweza kuanza bila wewe kujua imeanza lini, kutoka kwenye ukimya, ikakua, ikajaa chumba, halafu ikarudi kule kule ilikotoka. Si ala nyingi za kupuliza zinaweza hivyo. Ndiyo maana nyimbo zake zina mwanzo, zina kilele, zina mwisho, na kati ya sentensi na sentensi kuna mahali pa kuvuta pumzi.

"Mahali hapo," akasema, "ndipo msikilizaji anapopata nafasi ya kuelewa ulichosema."

Nilitazama maji ya Rufiji. Nikanyamaza mpaka Somanga, tuliposimama kula samaki wa kukaanga. Nadhani ilikuwa rekodi yangu.

Kivuko ndani ya bomba

Baada ya samaki, mambo yakawa mepesi kidogo, akaendelea mwenyewe bila kuulizwa. Kuna siri nyingine ndani ya klarineti. Shimo lake la katikati lina upana karibu uleule sehemu kubwa ya urefu wake, kama milimita 15 tu, na upande wa juu umezibwa na mdomo wa mpigaji. Saksafoni siyo hivyo: shimo lake linazidi kupanuka kuelekea chini. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha kila kitu. Kwenye saksafoni, ukibonyeza kile kibonyezo cha kuruka juu, sauti inapanda noti 8, do mpaka do. Kwenye klarineti inapanda noti 12. Ile do inatua kwenye sol ya ghorofa ya juu.

Kwa hiyo katikati panabaki pengo, na pengo linajazwa na noti chache za "koo" ambazo zinatumia sehemu fupi tu ya bomba. Ni noti dhaifu, kama mtu anayeongea akiwa na mafua. Kutoka hapo kwenda noti inayofuata, vidole ambavyo karibu vyote vilikuwa hewani vinatakiwa vishuke vyote kwa pamoja na kuziba matundu. Kidole kimoja kikichelewa, inapiga mlio kama wa bata.

Mume wangu anapaita pale "kivuko". Mwanafunzi akifika kivukoni anaogopa, anakata pumzi, na sentensi ya muziki inakatika vipande viwili. Mpigaji mzoefu anafanya kinyume: anavuta pumzi mapema, kabla ya kivuko, anaandaa vidole, halafu anavuka na hewa ileile bila kusita. Baba mkwe alikuwa akimwambia, "Usipumue majini."

Watunzi wakubwa walijua siri hizi. Mwaka 1791, miezi michache kabla ya kufa, Mozart alimwandikia rafiki yake Anton Stadler tungo la klarineti na okestra. Stadler alikuwa na klarineti iliyorefushwa, inayoshuka chini kuliko za kawaida. Mozart akaitumia nafasi hiyo: wimbo unaruka kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, kama watu wawili wanaojibizana. Wale watu wawili wanaishi ndani ya bomba moja. Sauti za chini za klarineti ni nzito na za siri, za juu zinang'aa. Mafundi wangelitengeneza bomba lile vingine, mazungumzo yale yasingekuwepo.

Nilimwuliza, na sisi je, mazungumzo yetu yameandikwa kwa ala gani? Akasema, "Tusubiri tufike."

Chini ya mpingo

Ukifika Nangurukuru unaacha barabara ya Lindi, unakata kushoto kuelekea baharini, na baada ya muda mfupi uko Kilwa Masoko, mji mtulivu wenye upepo. Tulilala hapo. Asubuhi tukapanda gari la kukodi na mwenyeji wetu kuelekea bara, kwenye kijiji kimoja chenye msitu wake. Tulianzia ofisi ya serikali ya kijiji, tukasaini kitabu cha wageni, tukakabidhiwa mzee mmoja wa Kamati ya Maliasili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mmekuja kununua au kuona?"

"Kuona tu, baba."

"Basi ninyi ni wageni wa ajabu," akasema huku akicheka, akatangulia mbele na panga lake.

Nilitegemea jitu la mti. Msomaji, mpingo ni mti wa kawaida kabisa! Mfupi, umejipindapinda, una miiba, gome la kijivu, mara nyingi mashina kadhaa kutoka chini. Mimi ningeupita bila kugeuka. Mzee akaokota kipande cha tawi lililokatwa zamani, akalifuta kwa kiganja: nje njano iliyopauka, ndani kiini cheusi chenye zambarau kwa mbali. Akanipa nishike. Kizito kama chuma. Mpingo ukiutumbukiza kwenye maji unazama.

Akatueleza kwamba mti huu unakua polepole mno, miaka 70 au zaidi ndipo unafaa kuvunwa. "Ninaoweka alama leo, baba yangu aliukuta," alisema. Na hata ukivunwa, kinachopatikana ni kidogo, kwa sababu mtengenezaji wa ala anataka kipande kilichonyooka, kisicho na jicho, kisicho na shimo, na mpingo haupendi kunyooka. Vipande vinavyofaa vinapakwa nta kwenye ncha ili vikauke taratibu, kwa maana vikikauka haraka vinapasuka. Kukausha kwenyewe kunachukua miaka.

Zamani, akasema, magogo yalikuwa yakiondoka na kijiji kikibaki na vumbi la lori. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa vijiji nafasi ya kumiliki na kusimamia misitu yao kisheria. Hapa Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza; mwaka 2009, kupitia mradi wa uhifadhi wa mpingo wenye ofisi Kilwa Masoko, misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Dunia nayo ikaanza kuangalia. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti ya mpingo iko chini ya mkataba wa CITES, ingawa mwaka 2019 nchi wanachama zilikubaliana kwamba ala za muziki zilizokamilika zisisumbuliwe mipakani.

Mume wangu alikuwa akisikiliza mkono wake ukiwa juu ya shina. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Baba, umewahi kusikia mti huu ukipigwa?"

Mzee akafikiri. "Kuukata nimekata miaka mingi. Kuusikia, bado."

Nta ya nyuki

Hapo ndipo nilipofungua begi na kuitoa klarineti kwenye kanga. Uso wa mume wangu ulibadilika. Nilidhani atakasirika. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaunusa mti, akapitisha kucha juu ya ufa.

"Uliupiga kwenye baridi," akasema. Haikuwa swali.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Pumzi ya mtu ni ya moto na ina maji. Mti unavimba kwa ndani, huku nje umekakamaa kwa baridi. Ndani unasukuma, nje unagoma. Lazima kitu kiachie. Ndiyo maana hata klarineti mpya ya mpingo hupigwa kidogo kidogo wiki za mwanzo, dakika 10 au 15 kwa siku, ili mti uzoee pumzi ya mwenye nyumba. Maharusi wapya, mko hapo?

Akaiunganisha, akajaribu. Ufa ulioko juu unavujisha hewa kabla haijafika chini, kwa hiyo noti nzito zilikataa kabisa. Zilizotoka ni zile dhaifu tu, za kooni. Akashusha klarineti. Sijawahi kumwona mtu mzima akitazama chini namna ile.

Mzee akamtuma kijana nyumbani kwake. Akarudi na donge la nta ya nyuki, maana msitu huohuo una mizinga. Mzee akailainisha kwa vidole, akaisukumia ndani ya ufa, akasugua kwa kidole gumba mpaka ikawa laini, akafuta iliyozidi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Sasa jaribu."

Safari hii noti ya chini kabisa ikatoka. Nene, ya giza, bila kutetemeka. Akapiga wimbo wa kanisani ambao baba yake alikuwa akiupenda, polepole, na kila mwisho wa sentensi akavuta pumzi, na kwenye zile pumzi tukasikia ndege na upepo. Alipofika kivukoni nilimwona akivuta hewa mapema. Akavuka.

Watoto walikuwa wamekusanyika. Mzee alibaki na mkono kwenye shina. Wimbo ulipoisha akasema neno moja tu: "Kumbe."

Shimo, si ukuta

Jioni tulikaa ufukwe wa Jimbizi, tukitazama upande wa Kilwa Kisiwani. Nikasema, sasa nimeelewa, plastiki ni plastiki, mti ndio unaoimba. Samahani kwa zawadi yangu.

Akatikisa kichwa. "Hapana. Mti hauimbi. Kinachoimba ni hewa iliyo kwenye shimo."

Kumbe wataalamu wa sauti wameupima ubishi huu kwa muda mrefu, na wanachokubaliana wengi ni kwamba ukuta wa klarineti ukiwa mgumu na laini kwa ndani, msikilizaji hapati tofauti kubwa kama ni mpingo au kitu kingine. Kinachoamua ni umbo la shimo, kingo za matundu, ulimi wa tete na mtu anayepuliza. Enzi za Mozart klarineti zilikuwa za mti mwingine, wa rangi ya njano. Mpingo ulishinda baadaye kwa sababu unakubali kutobolewa kwa usahihi mkubwa, una mafuta yake ya asili, unashika skrubu za vibonyezo bila kulegea, na ukilowa pumzi kila siku kwa miaka, shimo linabaki na umbo lake. Siku hizi kampuni ya Ufaransa ya Buffet Crampon inatengeneza hata klarineti za unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni, aina ya Greenline, na hizo haziogopi baridi ya Njombe.

"Kwa hiyo kazi ya mti," nikamwuliza, "ni nini hasa?"

"Kutunza nafasi. Ili pumzi ikija, ikute pako vilevile."

Nikakumbuka miezi saba niliyokuwa nikijaza kila ukimya kwa maneno, nikidhani naziba ufa. Nilikuwa naziba matundu. Nikamwambia hivyo. Na yeye akaniambia kwamba ukimya wake haukuwa pumzi, ulikuwa hasira, na kwamba klarineti isiyopulizwa kabisa nayo siyo ya kusifiwa, ni gogo tu. Tuliongea mpaka mbu wakatufukuza. Aliongea yeye zaidi.

Tulivyorudi

Tulipata fundi mwingine Dar, akaondoa nta, akamimina gundi, akapitisha pini ndogo tatu za chuma kukaza ufa. Ukitazama vizuri kovu linaonekana. Mume wangu anapiga ile ya mpingo nyumbani, jioni, madirisha yakiwa wazi. Ya plastiki imetoka chini ya kitanda. Anafundishia vijana wawili wa mtaani kila Jumamosi, na akienda Njombe ndiyo anayobeba. Julai iliyopita alipiga makaburini kwa zaidi ya nusu saa.

Mimi bado ni zumari, siwezi kudanganya. Lakini nimejifunza kuuliza swali, halafu nikahesabu mpaka kumi.

Mkitaka kwenda wawili

Nendeni kati ya Juni na Oktoba; masika huharibu njia za vijijini. Msiingie msitu wa kijiji bila kupita ofisi ya serikali ya kijiji, na mlipe ada mtakayoambiwa. Ongezeni siku moja ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, mji wa kale ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Kibali kinachukuliwa Masoko kabla ya kupanda boti. Vaeni viatu vilivyofunika, mpingo una miiba. Na kama kuna kitu nyumbani kwenu kimepata ufa, kibebeni.